Ni Mkono wa Nani? Hotuba kwa Wapenzi wa Magari ya Zamani ya Kimarekani

Hotuba hii niliitoa hapa Columbus, Ohio, mbele ya ndugu wanaozungumza Kiswahili na kupenda magari ya zamani. Waliokuwa kazini siku ile na walio majimbo mengine wameomba waisome, basi hii hapa yote. Picha zilizoonyeshwa ukutani nimeziacha.

Wazee wetu, mama zetu, kaka na dada, na nyinyi vijana mliobanana pale mlangoni, amani iwe kwenu nyote. Nawaona ndugu wa Kongo, nawaona wa Kenya na Tanzania, nawaona jamaa zangu wa Barawa safu ya nyuma. Karibuni.

Tukikutana tuna mchezo wetu, mnaujua. Mmoja anatupa swali: "Duesenberg SSJ zilitoka ngapi?" Hajamaliza, mwingine kashajibu: "Mbili! Mwaka 1935! Moja ya Gary Cooper, moja ya Clark Gable, wale wacheza sinema!" Haya, Tucker ya 1948? "51!" Na Chrysler zile za injini ya tabaini, jamaa ya injini ya ndege, walizopewa watu wa kawaida wazijaribu barabarani? "Zilitoka 55, zimebaki 9!" Halafu inakuja bei. Ile Duesenberg ya Gary Cooper iliuzwa mnadani mwaka 2018 kwa dola milioni 22, na chumba kizima kinaguna.

Naupenda mchezo huu, na mimi mwenyewe ni mchezaji. Lakini leo nimekuja na ombi. Baada ya kuuliza zilitoka ngapi, na kabla ya kuuliza ziliuzwa bei gani, tuulize swali la tatu. Tuulize: ni mkono wa nani?

Nani alilikata bati lile? Nani aliliunga? Nani alishika brashi? Mimi ni fundi wa bodi, nimeanza kunyoosha mabati kabla sijaota ndevu, na nawaambia kwa moyo wangu wote: gari la kiwandani lina namba, lakini gari la kastomu, yaani lililobadilishwa umbo kwa mkono, lina mwenyewe aliyelifanya. Ukilijua jina la gari na bei ya gari, kisha jina la fundi hulijui, gari hilo bado hujalijua.

Nianze na Mercury moja. Wenye kujua wameshatabasamu.

Kwa modeli ya mwaka 1949 kampuni ya Ford ilitoa Mercury mpya, nene, ya mviringo, mabega mapana. Huko Lynwood, kusini mwa Los Angeles, walikuwapo ndugu wawili wa ukoo wa Kigiriki, Sam na George Barris, wenye gereji yao. George ndiye mliyemsikia. Alikuwa msemaji, mwenye kamera, mwenye kuandika magazetini, mwenye kuleta wateja. Sam alikuwa mtu wa chuma. Sam alinunua Mercury mpya kabisa ya 1949, akaliingiza gereji, akalikata paa lake mwenyewe ili kulishusha. Gari jipya! Nani kati yenu angethubutu?

Mwaka 1952 akaja kijana mmoja, Bob Hirohata, na Mercury yake ya 1951. Sasa mafundi wenzangu nisikilizeni, na wasio mafundi nivumilieni kidogo.

Kushusha paa la Mercury si kukata nguzo na kurudisha paa chini. Paa lile limelala kuelekea nyuma, nguzo za mbele zina mlalo wake na za nyuma zina mlalo wake. Ukikata kipimo kimoja pande zote, hakuna kitakachokutana. Paa litakuwa fupi, kioo cha nyuma kitasimama wima kama ukuta, na mstari wote wa gari utavunjika. Kwa hiyo kwenye gari la Hirohata walikata inchi 4 mbele na inchi 7 nyuma. Nyuma zaidi kuliko mbele! Paa likainama taratibu mpaka likayeyukia kwenye buti. Kisha wakaondoa nguzo ya katikati kabisa, wakaunda ukingo mpya wa dirisha wenye kuzunguka, hivi kwamba ukishusha vioo, ubavu wote unabaki wazi. Utepe wa ubavuni ukatolewa kwenye Buick ya 1952, ukakaa kana kwamba ulizaliwa pale. Rangi zikawa kijani mbili, moja nyepesi na moja nzito. Na kwenye dashibodi akapita Von Dutch, mchoraji wa mistari, na brashi yake nyembamba.

Na mapengo yalizibwaje? Leo tuna puti ya kopo, unachanganya, unapaka, unapiga msasa. Wao walitumia risasi, ile metali laini ya kuyeyusha. Unapasha bati moto kwa gesi, unayeyusha risasi kidogo kidogo, unaisambaza kwa kibao cha mti ikiwa bado laini, haijamwagika wala haijaganda. Ukizidisha moto inadondoka sakafuni na bati linajikunja. Ukipunguza haishiki. Halafu unaishusha kwa tupa. Hapo hakuna mashine, ndugu zangu. Ni jicho na kiganja. Unapitisha kiganja juu ya bati umefumba macho, kiganja kinakuambia pale pana bonde.

Ni mkono wa nani? Wengi wakiona Mercury ile wanasema "Barris" wakimaanisha George. Semeni Sam. Sam Barris alifariki mwaka 1967, hajafika miaka 45. George aliishi mpaka 2015, na jina likakaa kwake. Simlaumu George hata kidogo. Bila kamera yake pengine tusingeyaona magari haya. Lakini semeni Sam.

Na mwenye gari naye nani? Bob Hirohata alikuwa Mmarekani wa asili ya Kijapani. Mnaikumbuka habari ya mwaka 1942? Serikali iliwatoa majumbani mwao watu zaidi ya 110,000 wa asili ya Kijapani waliokuwa pwani ya magharibi, wengi wao raia, ikawaweka kambini nyuma ya seng'enge. Haijapita miaka mingi, kijana mwenye jina la Kijapani anaendesha gari linalogeuza shingo za Los Angeles nzima. Na hakulificha. Mwaka 1953 aliliendesha kutoka California mpaka Indianapolis, akivuka nchi kwa gari lililokaribia kugusa lami. Nikifikiria safari ile, na macho ya watu kwenye vituo vya mafuta njiani, nasisimka.

Baadaye gari likapita mikono tofauti, mitindo ikageuka, na mwaka 1959 kijana wa shule, Jim McNiel, akalinunua kwa dola 500. Dola 500! Akaliendesha, akalipumzisha miaka na miaka, akaja kulirudisha kama lilivyotoka kwa Sam mwaka 1952. Hakuliuza maisha yake yote. Mnamo 2017 likaandikwa kwenye orodha ya taifa ya magari ya kihistoria ya Marekani. Januari 2022, baada ya yeye kufariki, likaenda mnadani Florida na kufika dola 2,145,000. Nyinyi mnaguna kwa sababu ya bei. Mimi ninavutwa na ile miaka, zaidi ya 50, ya mtu kukataa kila aliyemgongea mlango na pesa mkononi. Mkono unaotunza nao ni mkono. Uhesabuni.

Niende haraka kwenye gari mnalolijua hata watoto wenu.

Mwaka 1955 kampuni ya Lincoln ilionyesha gari la maonyesho liitwalo Futura. Bodi lake liliundwa kwa mkono Turin, Italia, kwenye karakana ya Ghia. Mapezi marefu nyuma, na juu mapaa mawili ya kioo ya mviringo, moja la dereva, moja la abiria. Gharama yake yatajwa kuwa dola 250,000 za wakati ule. Likazungushwa kwenye maonyesho, likaigiza kwenye filamu moja, likachakaa, na mwishowe George Barris akauziwa kwa dola 1. Moja! Mwishoni mwa 1965 watu wa televisheni wakamtaka gari la Batman, Batmobile, kwa haraka, naye akalitoa lile Futura lililokuwa limelala. Katika wiki zipatazo tatu likawa jeusi lenye mistari ya kung'aa, na mwaka 1966 ulimwengu ukaliona. Mwaka 2013 liliuzwa Scottsdale, Arizona, kwa dola milioni 4.62.

Hapo kila mtu anajua jibu, sivyo? Barris! Lakini subirini. Ni mkono wa nani? Kazi ya bati, kukata na kuchomelea, Barris aliipeleka kwa fundi mwingine, Bill Cushenbery. Yeye ndiye aliyeibadilisha sura ya chuma kile. Na kabla yake kuna mafundi wa Turin waliolipiga bodi la Futura kwa nyundo, ambao majina yao hayakupigwa chapa popote penye gari lile. Wangapi humu mlikuwa mnalijua jina la Cushenbery? Nyosheni mikono. Watatu. Basi leo tumekuwa wengi zaidi.

Sasa niwapeleke kwenye jambo ninalolipenda kupita yote ya California, nalo linaanza na sheria.

Vijana wa Kimarekani wenye asili ya Meksiko huko Los Angeles walipenda magari ya chini. Wengine walikuwa wanataka kwenda mbio; wao walitaka kwenda taratibu, gari limeng'aa, jamaa wote wanaliona. Walikata springi, walipakia mifuko ya mchanga kwenye buti. Basi kuanzia 1958 California ikaweka sheria: gari lisiwe na sehemu yoyote iliyo chini kuliko ukingo wa chini wa ringi. Ukishusha kupita hapo, askari anakuandikia faini. Na nani alikuwa anasimamishwa zaidi? Mnajua wenyewe.

Kijana mmoja, Ron Aguirre, alikuwa na Corvette ya chini na alichoka na faini. Akafanya nini? Akarudisha gari juu? Hapana. Akachukua pampu na silinda za haidroliki, vifaa vya kutoka kwenye ndege, akazifunga kwenye Corvette. Anabonyeza swichi, gari linalala. Anamwona askari, anabonyeza swichi, gari linainuka. Askari anashuka na kipimo chake, gari liko juu, halali kabisa! Hii ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Kila gari mnaloliona leo likirukaruka mtaani, likiinama upande mmoja kama linasujudu, likisimama kwa magurudumu matatu, asili yake ni pale.

Mnaona ajabu yake? Watu wanadhani haidroliki iliwekwa kwa ajili ya kuchezesha gari. Iliwekwa ili mtu aendeshe gari lake nyumbani kwa amani. Raha ilikuja baadaye.

Na kutoka mapenzi hayohayo ya magari ya chini ilitoka Chevrolet Impala ya 1964 iitwayo Gypsy Rose, ya Jesse Valadez wa klabu ya Imperials, mashariki mwa Los Angeles. Gari la rangi ya waridi, na juu yake mawaridi yaliyochorwa kwa mkono, makumi kwa makumi, kwenye boneti, kwenye paa, kwenye buti, ubavuni, moja limefunguka, moja limefumba, majani yamepishana chini ya tabaka za vanishi. Katika miaka ya 1970 likaonekana mwanzoni mwa kipindi cha televisheni nchi nzima. Valadez alifariki mwaka 2011. Mwaka 2017 Gypsy Rose nalo likaandikwa kwenye ile orodha ya taifa, na likawekwa ndani ya sanduku la kioo Washington, kwenye uwanja ule mkubwa mbele ya Bunge. Gari la watu waliokuwa wakisimamishwa na askari, mbele ya Bunge!

Mawaridi yale, ni mkono wa nani? Ni wa Walt Prey. Liandikeni. Walt Prey.

Na ile sheria ya 1958? Ilifutwa kuanzia tarehe 1 Januari 2024, pamoja na ruhusa ya miji kukataza watu kuzungukazunguka na magari yao. Miaka 66, ndugu zangu. Kuna watu walizaliwa, wakajenga magari, wakazeeka, wakazikwa, na sheria ingali pale.

Sasa nirudi nyumbani. Nyumbani hapa, Ohio.

Nawauliza swali la mchezo wetu: ni gari gani adimu kuliko yote ya Kimarekani? Nasikia "Duesenberg". Mbili zipo. Nasikia "Batmobile". Ipo. Mimi nalitaja gari ambalo halijulikani kubaki hata moja, na liliundwa mwendo wa saa moja na kitu kutoka kwenye viti mlivyokalia.

Charles Richard Patterson alizaliwa mtumwa huko Virginia mwaka 1833. Alikuja Greenfield, Ohio, akawa mhunzi. Akaingia ubia na mzungu mmoja, wakatengeneza magari ya farasi, na mwaka 1893 akamnunua mwenzake, biashara ikawa yake: C.R. Patterson & Sons. Alipofariki mwaka 1910, mwanawe Frederick akashika usukani. Frederick huyu, vijana wa chuo mnisikilize, ndiye Mwafrika Mmarekani wa kwanza kuchezea timu ya mpira wa Kimarekani ya Ohio State, mwaka 1891. Timu yenu hiyohiyo mnayoishangilia kila Jumamosi ina jina lake katika historia yake.

Frederick aliona farasi anaondoka. Septemba 1915 akatoa gari la motor la kwanza la Patterson-Greenfield, injini ya silinda nne, bei dola 850. Hii ndiyo kampuni ya magari inayojulikana kuwa ya kwanza, kwa muda mrefu ya pekee, kumilikiwa na Waafrika Wamarekani. Kazi ya mkono, bodi la mbao na bati kutoka kwa watu walioishi kwa kuunda magari ya farasi mazuri. Lakini Ford Model T ilikuwa inauzwa karibu nusu ya bei hiyo na ikizidi kushuka. Unashindanaje? Magari yakasimama.

Je, wakafunga? Hawakufunga. Wakaanza kuunda mabodi ya mabasi juu ya chesisi za watu wengine, mabasi ya shule na ya abiria. Nyinyi mliotoka Nairobi na Dar es Salaam mnaijua kazi hii kwa macho: chesisi ya lori inafika uchi, inaingia karakana, mafundi wanachomelea mbavu, wanavalisha bati, wanapiga rangi, inatoka basi. Patterson walikuwa wanafanya kazi hiyohiyo hapa Ohio miaka ya 1920 na 1930. Karakana ilifungwa mwaka 1939.

Naomba niseme jambo ambalo linaniuma. Kulikuwa na mtoto mwingine wa mtengeneza magari ya farasi, huko Los Angeles, jina lake Harley Earl. Karakana ya baba yake iligeuka kuunda mabodi maalumu kwa wacheza sinema wa Hollywood. Mwaka 1919 ikanunuliwa na Don Lee, muuzaji mkubwa wa Cadillac, na kwa mlango huo General Motors wakamwona kijana. Akachora LaSalle ya 1927, akapewa idara nzima, na mwaka 1938 akatoa Buick Y-Job, linalohesabiwa kuwa gari la kwanza la maonyesho ya mitindo ya kesho. Earl alistahili, alikuwa na kipaji kikubwa. Lakini wapimeni watoto hawa wawili. Wote karakana ya baba. Wote walitoka kwenye mbao na farasi wakaingia kwenye chuma na petroli. Mmoja alikuta mlango wa General Motors. Nani angemfungulia Frederick Patterson mlango huo mwaka 1915, au 1927? Alifariki mwaka 1932. Baba na mwana waliingizwa katika jumba la heshima la magari la Marekani mwaka 2021.

Ndiyo maana nasisitiza majina. Mercury ya Hirohata ilipata Jim McNiel. Gypsy Rose ilipata familia na klabu. Gari la Patterson halikupata mtu wa kulificha ghalani. Yamebaki matangazo, picha na baadhi ya magari yao ya farasi. Na je, basi? Ubavu wa basi, kibao cha jina, kiti? Mabasi ya shule huuzwa, hugeuzwa mabanda, huachwa mashambani. Ohio ina mashamba mengi na maghala mengi yasiyofunguliwa. Mimi ninaamini kuna kipande mahali.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuwaomba kabla hamjaniita niteremke.

La kwanza ni la Julai. Mnajua kwamba maelfu ya magari ya kastomu huja hapa Columbus, pale Ohio Expo Center, na wengi wetu tutakuwapo na watoto. Ukisimama mbele ya gari, msalimu mwenyewe kwa heshima, umuulize: kazi ya bati ni ya nani? Rangi ya nani? Viti alishona nani? Wengi watafurahi, kwa sababu hakuna anayewauliza. Andika jina, piga picha, na uweke tarehe. Mama Zawadi na wenzake wamekubali kuyakusanya kwenye daftari moja, na daftari hilo litakuwa mali yetu sote.

La pili ni Jumamosi ya wiki ijayo. Tunakwenda Greenfield, tuone mji, tuzungumze na wazee wa pale, tuulize habari za mabasi. Gari langu lina nafasi sita, na kaka Juma analeta lake la abiria kumi na watatu. Tunaondoka saa mbili asubuhi mbele ya ukumbi huu. Karatasi ya majina iko pale mezani karibu na chai. Vijana wa mlangoni, nyinyi ndio wa kwanza kuandika.